La série Bukavu, na sisi wa Butembo na Beni?

Aprili 2019 Dk. Richard Mouzoko aliuawa hapa Butembo, ndani ya kliniki ya chuo kikuu. Ilikuwa wakati wa Ebola. Sisi vijana tuliokuwa tunakusanya data, hakuna aliyetuuliza kama tunalala usingizi. Mkataba ulihesabu fomu tu.

Ndiyo maana La série Bukavu (2020) ilinigusa. Watafiti wa kwetu mashariki wanasema wazi: sisi tunaingia vijijini, tunasikiliza vilio vya watu, tunarudi navyo nyumbani, halafu makala inatoka Ulaya bila majina yetu. Na vile vichoro vya Tembo Kash! Unacheka, kisha unanyamaza.

Ila kidole kinaelekezwa zaidi kwa profesa mzungu. Na wa kwetu je? Asistanti anayesahihisha kopi zote na hajaingia kwenye mshahara wa serikali, anayengoja mwaka mzima promota asome sura moja, yeye alalamike kwa nani? Hapo, kwa maoni yangu, kitabu kinapita mbio.

Nakala yangu imeshazunguka kwa maasistanti watatu. Hakuna promota aliyeiomba.