Simuleta na Stoli: Mashine Inajua Nini?

Cessna Caravan zinazoshusha watalii Kogatende na Seronera, ndani ya Hifadhi ya Serengeti, hushuka kiwanjani kwa mwendo usiozidi sana ule wa stoli. Ikiwa na mzigo kamili na flapi zote chini, Caravan hustoli, yaani huacha kubebwa na hewa, karibu na noti 61. Seronera iko mita 1,500 na ushei juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Kipimo kikisoma noti 61, ndege kwa kweli inakwenda noti 66 hivi, na joto la mchana huongeza. Hapo simuleta, mashine ya kuigiza urukaji, haina wasiwasi. Hata programu ya kompyuta ya nyumbani hukokotoa wepesi wa hewa sawasawa, na usukani hulegea kadiri mwendo unavyopungua.

Mambo huharibika bawa likishavuka pembe ya mwisho linayoweza kuukabili upepo bila kustoli. Simuleta nyingi husoma majedwali yaliyotokana na majaribio ya ndege halisi, na marubani wa majaribio hawakwenda mbali ng'ambo ya stoli, sembuse kuiingiza ndege kubwa ya abiria kwenye spini, yaani kuanguka huku ikizunguka, ili tu wapate takwimu. Jedwali likiisha, mashine inabahatisha. Ndiyo maana simuleta za zamani zilistoli kistaarabu mno: pua inashuka, mabawa yametulia. Ndege halisi hutetemeka, kisha bawa moja huanguka kabla ya jingine. Programu ya X-Plane hukata bawa vipande na kukokotoa nguvu ya kila kimoja. Spini yake huvutia zaidi, ingawa hewa iliyovurugika inapoufunika mkia hesabu hugeuka ngumu kwelikweli. Mwili nao haudanganyiki: miguu sita ya simuleta huinamisha chumba, lakini haiwezi kumkandamiza rubani kitini kwa muda mrefu.

Baada ya ndege ya shirika la Colgan kustoli na kuanguka karibu na Buffalo mwaka 2009, Marekani ilidai simuleta zirekebishwe, na tangu Machi 2019 marubani wa mashirika yake hufanyia humo mazoezi ya stoli kamili. Ni hatua nzuri. Mimi, hata hivyo, hesabu hainitishi sana; kinachonitisha ni tahadhari inayodanganya.

Tarehe 30 Januari 2000, usiku, Airbus A310 ya Kenya Airways iliruka kutoka Abidjan kuelekea baharini. Mara tu ilipoacha ardhi, tahadhari ya stoli ililia. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiiendesha, alisukuma usukani mbele. Ndege ilikuwa haijastoli. Ilianguka baharini, na kati ya watu 179, walikufa 169.

Somo la stoli kwa desturi hufanywa juu sana, na mwanafunzi ameshaambiwa kinachokuja. Zoezi la kuiga yaliyotokea Abidjan halidai hesabu mpya ya hewa: mwalimu awashe tahadhari magurudumu yakiacha lami, taa za nje zikiwa zimezimwa, na asiseme neno.