Mita Moja Kutoka Kibendera cha Kona

Kigingi cha kuchorea uwanja wa riadha huchomekwa mbele ya goli, jirani kabisa na nukta ya penalti. Kati ya viwili hivyo haifiki hata mita moja. Hapo hufungwa kamba ya mita 36.5. Mmoja anaivuta mpaka ikaze na kutembea nusu duara, mwenzake anamfuata na ndoo ya chokaa. Wanahamia goli la pili, wanarudia. Kisha wananyoosha mistari miwili ya mita 84.39 kuunganisha nusu duara hizo, na mkimbiaji anayekimbia sentimita 30 kutoka mstari wa ndani amepata mita 400 kamili.

Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 unaingia ndani ya mchoro huo kwa kubanana. Nenda kwenye kibendera cha kona upime: kati ya mpira na njia ya kwanza ya wakimbiaji imebaki mita moja hivi, basi. Kasulu nimekaa jioni nyingi kando ya mita hiyo nikimtazama mwanachuo mmoja wa ualimu ambaye ana kazi pande zote mbili. Ni binti wa Kibondo, amekuja kusomea ualimu. Kwenye mpira ni winga wa kulia. Kwenye riadha mbio zake ni mita 400.

Wakimbiaji huzunguka uwanja mkono wao wa kushoto ukiwa ndani. Kwa hiyo winga wa kulia anaposhambulia, kipindi cha kwanza au cha pili, huwa anaelekea kulekule anakoelekea mkimbiaji aliye ubavuni mwake, na wote wawili wanakifikia kibendera kilekile. Tofauti ya kazi zao iko hapo. Winga akifika lazima afunge breki: kiuno kinashuka, mguu wa nje unachimba ardhi, mwili unakatia ndani kabla beki hajajua kilichotokea. Mkimbiaji akifika ndiyo kwanza ameingia kwenye mzunguko. Hana ruhusa ya kupunguza. Anaegemea kushoto kidogo, mkono wa kulia unapita mbele ya kifua zaidi ya ule wa kushoto, na mwendo unabaki uleule.

Miguu ni ileile miwili. Mtu anaifundishaje mambo mawili yanayopingana mahali pamoja?

Huyu binti anaanza na mikono. Akiwa na mpira mikono yake imetanuka kama ya anayevuka kijito juu ya gogo, maana mabeki wanamsukuma na mizani anaitafutia hewani. Akiingia kwenye njia ya mbio mikono hiyo inarudi mbavuni, viwiko vinakunjwa, na ukimsogelea utaona kidole gumba kimegusa kidole cha shahada kwa wepesi, kama aliyeshika punje ya harage na hataki kuiangusha wala kuiponda. Nimekitazama kidole hicho mara nyingi kuliko ninavyotazama saa yake. Akichoka, punje inapotea, ngumi inafungwa, mabega yanapanda kuelekea masikioni, na hapo mbio zimeshaharibika hata kama bado anaongoza.

Kigumu zaidi ni pumzi. Winga hutoka mbio mita 15 au 20, kisha anatembea, anaomba mpira, anatoka tena. Deni la pumzi analilipa kidogo kidogo kwa dakika 90. Mita 400 hudai deni lote kwa mkupuo, na hulidai ukiwa umebakiza mita 100, wakati mapaja yameshageuka magogo. Mwaka wake wa kwanza alizikimbia mita 200 za mwanzo kama anayefukuzia pasi ndefu, akafika kona ya mwisho hana kitu. Na kuna kosa jingine la winga: kugeuza shingo. Winga asiyetazama nyuma ananyang'anywa mpira. Mkimbiaji anayetazama nyuma anapoteza hatua. Kocha alikuwa akimpigia kelele kutoka upande wa pili, "Mwalimu! Nyuma hakuna beki!" Vyuoni kwetu wanaitana mwalimu kabla hata hawajafuzu. Shingo yake ilihitaji msimu mzima kutii.

Wapo waliokwishaipita njia ya namna hii. Ferdinand Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla ya kugeukia mbio fupi, na alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Septemba 2021, Kasarani, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Bob Hayes wa chuo cha Florida A&M alicheza mpira wa Kimarekani na kukimbia vilevile. Fainali yake ya mita 100 ya Olimpiki ya Tokyo, 1964, aliikimbilia njia ya kwanza, iliyokuwa imechimbuliwa na waliotangulia, kwenye uwanja usio na mpira wa kisasa chini. Akashinda kwa sekunde 10.0. Huyo namkumbuka kila nikiona njia ya kwanza ya hapa Kasulu, ambayo wachezaji wa akiba huikanyagakanyaga wakipasha misuli joto.

Ardhi yenyewe ina masharti yake. Mvua zikiwepo udongo mwekundu unashika njumu, na chokaa inabidi imwagwe upya kila mara. Kuanzia Juni unakuwa mgumu kama sakafu, na atakayekimbia juu yake kila siku ataumia miundi. Binti huyu siku za kiangazi hupunguza mizunguko na kupanda mlima badala yake, kwa hatua fupi, magoti juu. Milima Kasulu na Kibondo haijawahi kuwa haba. Michezo ya vyuo vya ualimu, UMISAVUTA, huweka mpira na riadha pamoja, na mchezaji wa aina yake lazima ajue kujigawa: mguu uliopiga krosi nyingi asubuhi hauamrishwi tu jioni ukatii. Msuli wa nyuma ya paja ndio huchanika kwa watu wa kazi mbili, hivyo yeye huunyoosha taratibu, bila kudunda, huku akipiga soga na wenzake kuhusu maandalio ya somo.

Juzi mechi ya mazoezi iliisha jua likiwa bado juu ya migomba. Akavua njumu, akazifunga kamba pamoja, akazitundika kwenye kibendera. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ulikuwa mweusi. Akapumzika karibu nusu saa, kisha akaenda peku kusimama njia ya pili, mita 7.04 mbele ya mwenzake wa njia ya kwanza. Akainama, vidole nyuma ya mstari. Kocha hana bastola. Anagonganisha vibao viwili.

Vikalia. Nilibaki pale pale kwenye kona nikimsubiri aje. Alama za njumu zake zilikuwa bado ndani ya mstari wa mpira, zimechimba udongo pale alipomhadaa beki wa kushoto. Akaja, bega la kushoto limeshuka, gumba limegusa shahada, macho mbele, akazipita zile alama bila kupunguza.