Mkono wa Saisi

Derby ya Kenya ni ya farasi wa miaka mitatu tu. Hukimbia mita 2,400 katika uwanja wa Ngong, Nairobi, na kwa dakika mbili na nusu hivi mambo yamekwisha. Sharti hilo la umri limerithiwa kutoka Derby ya Epsom, Uingereza, iliyoanza 1780, nalo ndilo linaloupa mchezo makali yake: farasi hana Derby ya pili. Mguu ukimuuma siku hiyo, basi tena.

Ndiyo maana, joki akipigiwa makofi, mimi namsifu saisi, yule mtunza farasi.

Zamani mbio zilikuwa upande wetu wa Eastlands, karibu na Kariokor. Race Course Road bado ipo, ingawa uwanja ulihamia Ngong Road 1954. Historia imewakumbuka zaidi wenye farasi na wakufunzi. Beryl Markham, aliyevuka Atlantiki kwa ndege peke yake 1936, alishinda Derby hii mara sita akiwa mkufunzi. Lakini alipoianza kazi hiyo miaka ya 1920, alikuwa na arap Ruta, mwenzake tangu utotoni, akiwatunza farasi.

Sisi wa Baba Dogo, mtaa wa viwanda, hatuhitaji kuelezwa sana thamani ya mkono wa mtunzaji kama huyo. Fundi wetu hodari huweka kiganja juu ya mota akajua beringi imeanza kuchoka kabla haijapiga kelele. Saisi naye, alfajiri, hupitisha mkono polepole nyuma ya mguu wa mbele, kuanzia chini ya goti, akiusikilizia ukano. Mguu mmoja ukiwa na joto kuliko mwenzake, mazoezi yanasimama. Kisha huinua ukwato na kuuchokonoa kutoka kisigino kwenda mbele, asije akaidunga ile sehemu laini ya pembetatu katikati. Huchungulia pia chombo cha chakula: farasi aliyebakiza ameshasema lake. Hata bendeji ina adabu yake. Ikilegea, itamkwaza, ikikaza mahali pamoja, itaumiza ukano uleule inaoulinda.

Kasi farasi huzaliwa nayo. Kufika mzima siku ya Derby ni kazi ya mtu, na kilele cha kazi hiyo ni ujasiri: kumwambia mkufunzi na mwenye mali, wakati kila mmoja ana hamu, kwamba leo huyu hakimbii.