Barabara Inayoshuka: Mandhari ya Bumula Iliyochorwa kwa Masomo ya Video

Kisanduku ninachokichambua hapa ni cha tatu katika ukurasa wa kwanza wa hadithi yangu ya vibonzo. Upana wake ni sentimita 18, kimo sentimita 11. Msichana wa shule amesimama kando ya barabara ya murramu, hatua chache kutoka stendi ya Bumula, kaunti ya Bungoma, anasubiri bodaboda. Ni saa kumi na moja jioni. Kushoto kwake yamejipanga maduka ya mabati, kulia nguzo za umeme zinaandamana na shamba la miwa, na mbele barabara inateremka hadi kijitoni kisha inapanda tena. Kaskazini kabisa, nyuma ya kila kitu, umelala mlima Elgon.

Msichana mwenyewe nilimchora kwa dakika 40. Mandhari yake ilinichukua siku tatu, na hiyo ndiyo niliyojifunza kwa video, kwenye simu, bila mwalimu wa kukaa naye meza moja.

Tangu shule ya msingi nimekuwa nikichora watu, na nyuma yao palikuwa peupe. Mti hapa, wingu pale, basi. Msomaji wa vibonzo husamehe mkono uliokosewa vidole, lakini asipojua mhusika amesimama wapi, hadithi humponyoka. Waliotutangulia katika kazi hii walilijua hilo vizuri. Terry Hirst, aliyeanzisha jarida la Joe pamoja na Hilary Ng'weno mwaka 1973, baadaye alizileta ngano za Kenya, ya Lwanda Magere ikiwemo, katika vitabu vya Pichadithi. Frank Odoi, Mghana aliyefanya kazi Nairobi hadi alipofariki mwaka 2012, alimpa shujaa wake wa vibonzo, Akokhan, ulimwengu wake mzima. Na jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza kugawiwa bure mwaka 2010 likizungumza Sheng, lilitujengea chumba ambamo mhusika wake Boyie huendeshea redio yake kisirisiri, chumba ambacho kijana yeyote wa Kenya anaweza kukiamini.

Zamani ufundi huu ulipatikana kwa kukaa karibu na anayeujua. Barly Baruti, mchoraji wa vibonzo mzaliwa wa Kisangani, alipata mafunzo katika Studio Hergé huko Brussels, mahali ambapo Hergé alikuwa akiwategemea wasaidizi, Bob de Moor akiwa mmoja wao, kumjengea mhusika wake Tintin mitaa, meli na milima. Mtu akiangalia mkono wa bwana wake miaka miwili, mitatu, anaondoka na kitu. Kwa kijana wa huku kwetu Kimaeti au Khasoko meza ya namna hiyo haipo. Kilichopo ni simu na bando.

Niseme kwanza jinsi ya kuzitazama hizo video, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Video ya kuchora ni tamu. Mkono wa mwenye ujuzi unatembea, nyumba inatokea, na wewe uliyelala kitandani unahisi umechora nawe. Hujachora. Mimi nilijiwekea utaratibu wa kutazama kila somo mara tatu: mara ya kwanza bila penseli, ya pili nikisimamisha kila baada ya mistari michache na kuiga, na ya tatu simu ikiwa imefunikwa, nikichora kwa kumbukumbu tu. Hiyo ya tatu ndiyo inayokuonyesha ulichokipata. Mistari ikikimbia sana, punguza kasi hadi robo. Sauti itaharibika lakini mkono utauona. Na usijaribu kubana bando kwa kushusha ubora wa picha hadi 144p, kwa sababu mistari myepesi ya penseli, ile ya kupanga mchoro, haionekani kabisa. 480p inatosha.

Nilianza na Drawabox, masomo ya bure ya Irshad Karim. Yana zoezi la masanduku 250, kila moja likichorwa kwa mkono bila rula, kisha mistari yake inarefushwa kwa kalamu ya rangi nyingine ili uone kama inakutana inakopaswa. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo iliyonifaa kuliko zote. Kufikia sanduku la 90 hivi, mkono wangu ulikuwa umeshaelewa jambo ambalo akili ilikuwa imelikubali tangu siku ya kwanza: mistari inayokwenda upande mmoja duniani hukutana kwenye nukta moja karatasini. Kanuni yenyewe ni ya zamani. Leon Battista Alberti wa Italia aliiandika mwaka 1435. Lakini kuisoma ni jambo moja, na kuliona sanduku likikaa imara mezani pako ni jambo jingine.

Sasa turudi barabarani.

Mstari wa kwanza katika kisanduku changu ni upeo wa macho. Kila somo la mandhari huanza hapo, na ni haki. Mstari huo ni kimo cha macho ya anayetazama, wala si mahali mbingu inapogusa vilima. Ukisimama kwenye ardhi tambarare ukawatazama watu wenye kimo chako, macho yao wote, wa karibu na wa mbali, yatakaa kwenye mstari huo mmoja. Aliye mbali atapungua kutoka miguuni. Ukikaa kwenye kigoda kama mama anayeuza ndizi, mstari unashuka na kuwakata wapita njia kiunoni, na mara hiyo watu wote wanakuwa warefu, wazito. Hivyo ukichagua mstari umeshachagua ni nani anayeisimulia hadithi. Mimi niliuweka kwenye macho ya msichana, kwa sababu kusubiri ni kwake.

Nikafuata somo neno kwa neno. Nikaweka nukta moja kwenye mstari, nikavuta barabara, maduka na nguzo vyote viifuate, nikapanga watu wanane, macho yao mstarini. Nilipomaliza, watu walioko chini karibu na kijito walikuwa wanaelea. Nilifuta, nikachora tena, wakaelea tena. Nilirudia video ile mara nne nikidhani kuna hatua niliyoiruka.

Hakuna hatua niliyoiruka. Video ilichora mtaa tambarare wa mji uliopangwa kwa rula, na barabara yangu inashuka. Jibu nililipata kwa miguu. Nilikwenda nikasimama pale nilipomsimamisha msichana, nikanyoosha penseli mbele ya macho ikiwa imelala sawasawa, nikangoja mtu apite akielekea kijitoni. Alipofika chini, kichwa chake kilikuwa kimeshuka chini ya penseli, tena kwa kimo kizima cha mtu. Nyumbani niliposaka somo la barabara zenye mwinuko nilielewa kinachofanyika: barabara inayoteremka ina nukta yake yenyewe, chini ya upeo wa macho, wima chini ya ile ya kwanza. Inayopanda ina nukta juu ya upeo. Maduka hayashuki na barabara, kwa sababu fundi ameyajenga sakafu ikiwa imesawazishwa. Mabati na vizingiti vyake vinaendelea kuifuata nukta ya kwanza, ile iliyo kwenye upeo wa macho. Ndiyo maana ukitazama duka lolote kwenye mteremko utaona msingi wake ni mfupi upande wa juu na mrefu upande wa chini. Nilipoiweka ile kabari ya msingi, matofali matatu upande huu, manane upande ule, barabara ilishuka. Sijui furaha inayoshinda hiyo katika kazi hii.

Nguzo za umeme zilikuja kirahisi, na hapa video ilistahili kila shilingi ya bando. Nguzo hupandwa kwa nafasi zinazokaribia kulingana, lakini karatasini nafasi hizo zinabanana kadiri zinavyokwenda mbali, na jicho hukosea likikisia. Njia ni hii. Chora nguzo mbili za kwanza. Tafuta katikati ya nguzo ya pili. Toka ncha ya juu ya nguzo ya kwanza, pita katikati hapo, endelea hadi mstari wa ardhi: hapo ndipo inaposimama ya tatu. Kisha kutoka ncha ya pili kupitia katikati ya tatu, unapata ya nne. Nilichora nguzo saba bila kukisia hata moja. Kwenye kipande cha ardhi kinachoshuka mistari ya nguzo huifuata nukta ya barabara, ile ya chini, ila nguzo zenyewe zinabaki wima.

Tatizo jingine ni kwamba nukta ya pili ya maduka, ile ya pande zake za ubavuni, ilianguka nje ya karatasi, karibu sentimita 40 upande wa kushoto. Kwenye programu za simu kama ibisPaint kuna rula inayokufanyia kazi hiyo. Nilikuwa nachora kwa wino, kwa hiyo nilitumia njia ya msumari: unagongelea msumari mdogo mezani penye nukta, unafunga uzi, na kila mstari unaoutaka unauvuta uzi hadi karatasini na kuweka alama mbili za penseli. Fundi wa ujenzi hapa kwetu akinyoosha kuta hufanya vivyo hivyo. Meza iwe yako mwenyewe, lakini.

Masomo mengi ya mandhari niliyoyapata ni ya masanduku juu ya masanduku: maghorofa, vyumba, vichochoro. Nyuma ya maduka yangu kuna boma lenye simba ya kijana, nyumba ya msonge iliyoezekwa nyasi, na msonge hauna pembe hata moja. Hapo nilihitaji somo la duaradufu, ambalo walimu hulifundisha kwa vikombe na chupa. Duara likiwa chini sana ya macho yako huonekana pana. Kadiri linavyopanda kuelekea upeo wa macho ndivyo linavyobanwa. Likifika sawa na macho linakuwa mstari mnyoofu. Nyumba ya msonge huanguka vizuri katika sheria hiyo. Mguu wa ukuta, pale unapogusa ardhi, unapinda kuelekea kwako. Ukingo wa nyasi, ambao kwa nyumba nyingi uko kwenye kimo cha mtu, unakaribia kunyooka. Nilikuwa nimeupinda ukingo kama tabasamu, kama mguu wa ukuta, na nyumba ikaonekana kama imetazamwa na ndege. Nikaunyoosha, ikakaa chini. Nyasi zenyewe usizichore zote: vuta chache kutoka kileleni, ziongeze ukingoni zinapovunjika na kuweka kivuli ukutani, na katikati paache peupe.

Kivuli nacho kina mambo yake. Wengi wa walimu hawa wanaishi nchi ambazo jua la mchana huwa upande, na vivuli vyao vya saa sita vinalala chini virefu. Bumula iko kaskazini ya ikweta kwa karibu nusu digrii tu. Mwezi wa tatu na wa tisa saa sita mchana, kivuli cha mtu kiko chini ya viatu vyake, na cha paa kinashuka ukutani kama pazia. Kisanduku changu ni cha jioni, kwa hiyo nilivuta vivuli virefu kuelekea mashariki. Lakini kisanduku cha tano ni cha mchana, na humo ukuta mzima wa duka uko gizani huku barabara ikiwa nyeupe. Kukiiga kivuli cha video hapo kungeihamisha Bumula yote.

Elgon niliuacha mwisho. Kanuni ya umbali ni nyepesi: vya karibu wino mzito, vya kati wino wa kawaida, vya mbali mstari mwembamba usio na maelezo, kwa sababu hewa na vumbi hula weusi. Lakini umbo lilinitesa. Mkono uliofundishwa na video huchora mlima wenye ncha. Masaba, kama tunavyouita, ni volkano kuukuu yenye kitako cha kilomita 80 hivi na kilele cha mita 4,321. Kutoka huku kwetu haunyanyuki, unajitandaza, unachukua karibu upande mzima wa kaskazini kwa mteremko wa polepole. Nilichora mstari mmoja tu, kutoka ukingo hadi ukingo wa kisanduku, nikiinua kalamu mahali unapopita nyuma ya mabati peke yake. Mchoro wa dakika moja. Kabla yake nilikuwa nimesimama kuutazama jioni tano.

Ninawashukuru kwa dhati walimu hawa wa mbali ambao sitawaona kamwe. Bila wao nyuma ya msichana yule pangebaki peupe. Lakini katika miezi yote hiyo sikukutana na somo hata moja kwa Kiswahili lililochora mteremko wa murramu, msonge, shamba la miwa au paa la mabati chini ya jua la utosini. Wachoraji mko Kitale, mko Bungoma mjini, mko Nairobi na Dar es Salaam. Simu mnazo na mikono mnayo. Rekodini. Dakika kumi zinatosha, sauti iwe yenu, na kamera itazame karatasi. Mimi nitaanza na zile nguzo saba.