Neno "Motisha" na Haki ya Mtumishi: Uhakiki wa Istilahi

Miongoni mwa maneno ya nyaraka za utumishi nchini, "motisha" ni moja ya yale yaliyobebeshwa mzigo kupita kiasi. Hutumika kwa fedha anayopewa mtumishi juu ya mshahara wake. Hutumika kwa hamu aliyo nayo ya kufanya kazi. Hutumika kwa zawadi ya mfanyakazi bora siku ya Mei Mosi. Na mara nyingine hutumika hata kwa kulipwa deni. Nia ya makala haya ni kulihakiki neno hilo pamoja na wenzake wawili, yaani "mahitaji ya kisaikolojia" na "ustawi", na kuonyesha kwamba ulegevu wa istilahi hapa si shauri la wanaisimu peke yao. Humgusa mwalimu, muuguzi na karani moja kwa moja. Mfano wetu mkuu tumeuchukua katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa historia ya huko imelipima neno hili kwa namna ambayo kamusi haiwezi.

1. Kipimo cha mwaka 1994

Tarehe 28 Aprili 1994, na kwa muda wa siku moja hivi, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilaya ya Ngara. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kwa siku chache, na kambi nyingine zikafunguliwa katika wilaya za mkoa huo, Biharamulo ikiwamo. Mashirika ya misaada yaliyofika yalihitaji makarani, madereva, wauguzi, walimu na watunza bohari, na mishahara yake iliizidi mno ile ya serikali. Watumishi wengi wa serikali, hasa wa afya na elimu, waliacha vituo vyao wakaenda huko. Waliobaki waliachiwa kazi ya watu wawili au watatu. Mwishoni mwa mwaka 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na sehemu kubwa ya ajira hizo ikaondoka pamoja nao.

Mwandishi wa ripoti mwenye neno moja tu atasema kwamba walioondoka walifuata motisha. Hatakosea. Lakini atasema nini juu ya waliobaki? Akisema walikosa motisha, atakuwa amesema kweli kwa maana ya fedha, na uongo kwa maana ya moyo. Maana asiye na msukumo wowote hafungui zahanati asubuhi wakati mwenzake amekwenda kulipwa maradufu ng'ambo ya kilima. Istilahi isiyoweza kumweleza mtu huyu ina upungufu, na upungufu huo ni wetu sisi tunaosanifu na kufasiri.

Kambi zilileta pia tatizo la pili. Katika makambi ya Afrika Mashariki, mkimbizi aliyefundisha au kuuguza wenzake aghalabu hakupewa mshahara, bali kiasi kidogo cha fedha kilichoitwa kwa Kiingereza kilichoswahilishwa "insentivu". Wafasiri wakaandika "motisha". Tazama basi jinsi neno lilivyogeuka: kilichokuwa nyongeza juu ya haki kikawa jina la malipo ya mtu ambaye hakupewa haki yenyewe. Neno tamu lilifunika jambo chungu. Kosa la aina hii tunalijua. Neno "takrima", lenye maana njema ya kumkirimu mgeni, liliingizwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 na kuhalalisha vya kuwapa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipobatilisha vifungu hivyo mwaka 2006.

2. Maneno tuliyo nayo

Si kweli kwamba Kiswahili ni maskini katika uwanja huu. "Ari" ni ile hali ya kutokubali kushindwa au kuaibika katika jambo ulilolishika. "Hamasa", tuliyoipata kwa Kiarabu, ni mwamko wenye joto, ambao huweza kupoa upesi. "Bidii" ni juhudi inayoonekana kwa macho. Kisha lipo neno "moyo" na jamaa zake: kutia moyo, kuvunjika moyo, kufa moyo, kazi ya moyo. Mkaguzi anayeandika kwamba walimu wa shule fulani "wamevunjika moyo" amesema jambo mahususi kuliko yule anayeandika kwamba "motisha ni ndogo", kwani sentensi ya kwanza inatulazimisha kuuliza ni nini kilichowavunja, na ya pili inatuelekeza kwa mhasibu.

Kwa hiyo twapendekeza "motisha" ibakizwe kwa kile kinachotolewa na mwajiri kutoka nje, kiwe fedha, zawadi au nafasi ya masomo. Ule msukumo ulio ndani ya mtu mwenyewe uitwe "ari". Mipaka hii ikifuatwa, itawezekana kuandika sentensi ambayo leo haiandikiki: kwamba motisha imeongezwa na ari imepungua.

Jambo hilo hutokea. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Deci, alichapisha majaribio yake juu ya wanafunzi waliopewa mafumbo ya kufumbua. Waliolipwa, malipo yalipokoma, walielekea kuyashughulikia mafumbo yale wakati wa mapumziko kwa muda mfupi kuliko wenzao wasiolipwa. Mfasiri mwenye neno "motisha" peke yake atashindwa kuifasiri habari hii bila kujipinga.

3. Hatari ya kufasiri neno kwa neno

Frederick Herzberg na wenzake, katika kitabu chao cha mwaka 1959, waliyagawa mambo ya kazini katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yanayomridhisha mtu, kama vile kufanikiwa, kutambuliwa na kukabidhiwa dhamana. La pili ni yale ambayo yakikosekana huleta manung'uniko, lakini yakiwapo hayatoshi kuleta ridhaa: mshahara, usimamizi, hali ya mahali pa kazi. Fungu hili la pili walilipa jina lililotokana na elimu ya afya, na mfasiri wa neno kwa neno ataandika "mambo ya usafi". Mtumishi atakayeisoma tafsiri hiyo atadhani anatakiwa kufagia ofisi. Sisi twaona "viondoa kero" ni istilahi iliyo wazi zaidi, kwa kuwa "kero" ni neno ambalo kila mtumishi na kila mwananchi analielewa.

Tofauti hiyo ina matumizi. Katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013, kulipa malimbikizo ya madai ya walimu kulihesabiwa kuwa mojawapo ya hatua za kuwatia motisha. Kulipa ni jambo jema. Lakini deni halina budi kuitwa deni. Mwalimu aliye Ngara, mpakani mwa Rwanda na Burundi, ambaye makao makuu ya mkoa wake yako Bukoba kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria, hupoteza nauli na siku za kazi akifuatilia haki yake. Siku anapolipwa, ameondolewa kero, hajapewa zawadi. Tukiita malipo hayo motisha, tunamfanya mdai aonekane mwombaji.

4. Mahitaji ya nafsi

Deci na mwenzake Richard Ryan, katika kitabu cha mwaka 1985 na maandishi yaliyofuata, walieleza kwamba afya ya nafsi ya mtu, kazini na kwingineko, hutegemea mahitaji matatu. La kwanza ni kutenda kwa utashi wake mwenyewe. Wapo wanaolifasiri "uhuru", neno ambalo kwetu limeshikwa na siasa, au "kujitegemea", ambalo ni kosa, kwani mtu aweza kutegemea wenzake na bado akatenda kwa kupenda. Neno stahiki tunalo: "hiari". Wahenga walikwisha kusema kwamba hiari yashinda utumwa. La pili ni "umahiri", yaani kujiona unaiweza kazi na unazidi kuiweza. La tatu ni kuwa na watu wanaokujali nawe unawajali. "Uhusiano" ni neno baridi mno, kwani hata maadui wana uhusiano. Twapendekeza "upamoja".

Istilahi "mahitaji ya kisaikolojia" si mbovu, lakini humfanya msomaji adhani kwamba ni habari za wagonjwa. "Mahitaji ya nafsi" yatosha. Wala tusidhani kwamba elimu hii ni ngeni kwetu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu, na katika migomo ya viwanda vya Dar es Salaam iliyofuata hadi mwaka 1973, wafanyakazi walilalamikia matusi na kudharauliwa na mameneja, si ujira peke yake. Walikuwa wakidai mahitaji ya nafsi, ingawa jina hilo halikuwapo.

Mwisho kuna "ustawi". Vyama vya wafanyakazi hupenda "maslahi", na waajiri hujibu kwa "ustawi". Maneno haya yasibadilishane nafasi. Maslahi ni kile anachostahili mtumishi kwa mkataba. Ustawi ni hali yake mzima, mwili na nafsi. Muuguzi wa Biharamulo aweza kupata maslahi yake yote na asistawi, ikiwa haulizwi neno juu ya kazi anayoijua. Lakini mwajiri naye asijifiche nyuma ya ustawi ili kukwepa maslahi.

Twawaomba wafasiri, walimu na maofisa utumishi wayajaribu mapendekezo haya katika barua, fomu na mitaala yao, na watuandikie mahali yanapogoma, hasa neno "upamoja", ambalo halijapata mazoea. Fomu inayouliza "Je, unapata motisha?" ibadilishwe iwe na maswali mawili: "Je, umelipwa unachodai?" na "Je, ni jambo gani kazini linalokutia au kukuvunja moyo?" Majibu yake hayatafanana.