Pongezi kwa Wapigao Asili ya Tchaikovsky

Wastahiki taadhima wale wapiga sello ambao, ilhali wangeweza kuishika njia iliyokwisha kukanyagwa na wengi na wakapata makofi yao bila taabu, hukhiari kuyapiga Mageuzi juu ya Lahani ya Rokoko kwa tartibu ileile aliyoiandika Pyotr Tchaikovsky. Maana Wilhelm Fitzenhagen, Mjerumani aliyetunukiwa kazi hiyo na kuipiga mara ya kwanza mjini Moscow mwaka 1877, aliipangua kwa ujasiri: geuzi la tatu, lenye huzuni, akalisogeza karibu na mwisho, la saba, lile la taratibu, akalileta mahali pake, na la nane akalifuta kabisa. Simlaumu sana, kwani fundi huyu aliijua hadhira yake, nayo ikamshangilia. Lakini alichokipata kwa shangwe alikipoteza kwa nidhamu ya utunzi.

Hati yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa wino, hata Victor Kubatsky akaifichua asili kwa eksirei, na mwaka 1941 Daniil Shafran akaipiga Moscow. Baadaye akina Raphael Wallfisch na Steven Isserlis wakaitia katika sahani za santuri. Hapo geuzi la saba, likija baada ya mbio na madaha yote, humpa msikilizaji utulivu ambao, likitangulizwa mapema, huonekana kama pambo tu. Kisha la nane lamwamsha, na hitimisho kulipokea.