Sitiari ya Fundi na Udhibiti wa Jeni: Uhakiki wa Insha ya François Jacob (1977)

Insha ya François Jacob kuhusu mageuko, iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 1977, imejengwa juu ya sitiari moja: mageuko hayafanyi kazi kama mhandisi mwenye mchoro, bali kama mtu anayeunda vitu kwa mabaki aliyonayo. Kwa msomaji wa Kiswahili picha hiyo si ngeni. Kopo hugeuzwa koroboi, na tairi lililochakaa huwa katambuga. Hata hivyo, fundi aliyekata kopo alijua tangu mwanzo kwamba anataka taa. Jacob anajitahidi kumwondolea mhusika wake nia, lakini sitiari yenye mikono na macho haimruhusu kufanikiwa kikamilifu.

Kasoro kubwa zaidi iko kwingine. Insha inasisitiza, kwa usahihi, kwamba wanyama hutofautiana zaidi kwa wakati na mahali jeni zao zinapotumika kuliko kwa upya wa protini zenyewe. King na Wilson (1975) walikuwa wamefikia hoja ya namna hiyo walipolinganisha binadamu na sokwemtu. Kinachoachwa ni hali ya karakana kabla ya kazi kuanza. Laktosi, yaani sukari ya maziwa, inatosha kulionyesha pengo hilo.

Katika bakteria Escherichia coli, ambaye Jacob na Jacques Monod walimtumia kujenga nadharia ya operoni mwaka 1961, DNA kwa kiasi kikubwa iko wazi kwa kimeng'enya kinachoinakili. Jeni za kusaga laktosi hunyamazishwa na protini ya kizuizi iliyokaa penye mwanzo wake. Sukari ikiingia, kizuizi hubanduka. Kwa binadamu mambo ni kinyume. DNA imezungushwa kwenye protini ziitwazo histoni, na jeni nyingi hubaki zimefungwa mpaka zifunguliwe. Kwa watu wengi duniani, jeni ya laktasi hufifia baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Tishkoff na wenzake (2007), waliochunguza Watanzania, Wakenya na Wasudani, walibaini badiliko la herufi moja, lililoenea kwa wafugaji wa Kenya na Tanzania, linaloifanya jeni hiyo iendelee kutumika ukubwani. Badiliko hilo halimo ndani ya jeni ya laktasi. Liko herufi 14,010 kabla ya mwanzo wake, ndani ya jeni jirani, MCM6. Badiliko la Ulaya, lililozuka peke yake, liko herufi 100 tu kutoka hapo. Viraka viwili vya vazi moja, vilivyoshonwa na watu wasiojuana: hapa sitiari ya Jacob inang'aa kweli. Lakini haielezi kwa nini bakteria huondoa pingamizi ilhali mfugaji amebakishiwa wazi mlango ambao ungefungwa.

Arkea, viumbe wa seli moja wasio bakteria, wanaongeza utata. Mitambo yao ya kunakili jeni inashabihiana na ya binadamu, na wengi wao wana histoni. Ilhali protini zao nyingi za kuwasha na kuzima jeni zinafanana na za bakteria. Ngazi iliyonyooka kutoka bakteria hadi binadamu, kwa hiyo, haipo. Si haki kumlaumu Jacob kwa hilo, kwani Carl Woese na George Fox waliwatenga viumbe hao miezi michache tu baada ya insha yake, mwaka huohuo.

Lawama inaistahili zaidi istilahi iliyozoeleka katika Kiswahili. Kudhibiti ni kushika, kuzuia, kutia chini ya mamlaka. Neno hilo linamfaa mlinzi wa operoni, na halikifai kipande cha DNA kinachochochea jeni kutoka mbali. Uratibu lingekuwa neno pana zaidi, japo lina baridi ya ofisini. Mwanafunzi anayesoma habari za wafugaji chini ya kichwa cha "udhibiti" atatafuta kizuizi kilichoondolewa, na hatakiona.